Maua Nyuma ya Jiko la Agnès

Tenke, tarehe 18 Februari 2024

Mpwa wangu Abigaël,

Salamu nyingi kwako, kwa watoto wako na kwa mdogo wako Papy. Sisi hapa tunaendelea vizuri kwa neema ya Mungu. Goti la mke wangu Gloire linamsumbua kila mvua ikikaribia, naye amelifanya kuwa redio: linamtangazia hali ya hewa kabla wingu halijaonekana. Masikio yangu ndiyo yamekwisha kabisa. Miaka yote niliyofanya kazi karibu na vichwa vya treni imenilipa uziwi, kwa hiyo usijisumbue kupiga simu. Mama Mamie hupita hapa na samaki wake wakavu akienda Kolwezi na akirudi. Barua mpe yeye. Tena usiniandikie zile SMS za maneno matatu. Mtu hamsalimu mjomba wake kwa maneno matatu.

Nimeambiwa kwamba Papy ameachishwa kazi ya ulinzi. Mwambie nyumba yangu ina kitanda, na hapa stesheni hakukosi kazi ndogondogo. Asiende kwenye mashimo ya wachimbaji madini. Marehemu mama yenu, dada yangu Agnès, aliwalea ninyi wawili katika nyumba hiyo ya Kasulo kwa kuuza mikate, na hakuna siku aliyotaka mtoto wake ashuke chini ya ardhi kabla ya wakati wake.

Sasa zawadi yako. Unaijua desturi ya baba yetu, mzee Mbuyu: barua isiyomfundisha msomaji jambo asilolijua aliirudisha kwa mwandishi pamoja na salamu zake zote. Basi pokea hili. Je, ulijua kwamba kuna ua linalopenda shaba? Ni mmea mfupi wenye maua madogo ya zambarau, nao huota mahali ambapo udongo una shaba nyingi kiasi cha kuua mimea mingine. Wataalamu wamelipa ua hilo jina la Katanga yetu. Watafutaji wa madini wa zamani hawakuanza kwa kuchimba. Walitembea wakiangalia maua. Nimeliona tangu utoto nikidhani ni gugu tu, kumbe limo vitabuni.

Nijibu upesi, nami nidaiwe zawadi.

Mjomba wako,
Godefroid Kalenga


Kasulo, Kolwezi, tarehe 24 Machi 2024

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo nyingi kwako na kwa mama Gloire. Watoto wanakusalimu. Jémima amepata komunyo ya kwanza na kwa sasa hataki kuvua viatu vyeupe hata akienda chooni. Darasa langu limejaa tena mwaka huu, wengine wanakaa sakafuni, lakini wanasoma.

Barua yako tuliisoma mezani kwa sauti, kama alivyozoea kufanya mama. Nilipofika kwenye habari za ua, Papy aliacha chakula chake. Asubuhi akaniita nyuma ya jiko la mama. Mjomba, maua yako pale. Yamejaa ukutani kwa nje, ya zambarau kama ulivyoandika. Tumekua nayo tukiyaita magugu, na mama hakuruhusu mtu ayang'oe. Tulidhani anayapenda tu kwa uzuri.

Unajua Kasulo ilivyo. Jirani wa kushoto anachimba madini chumbani mwake, ametundika turubai mlangoni ili watu wasione. Jirani wa nyuma amehamia sebuleni na familia yake yote, kwa maana chumba cha kulala kimekuwa kisima. Ukiweka kikombe mezani, kinatetemeka. Papy ananiambia kwamba majirani wanatuchimba kutoka pembeni, na tukichelewa watayatoa yaliyo chini yetu, sisi tubaki na nyumba iliyoning'inia.

Lakini nyumba ni ya mama, na neno juu ya nyumba ya dada liko kwa kaka yake. Hilo hata Papy hakulibishia. Amekubali kungoja jibu lako. Tuchimbe? Sema ndiyo au sema hapana. Mimi mwenyewe sijui ninataka nini. Bati zimetoboka, na naogopa mashimo, na vyote viwili ni kweli.

Zawadi yako nimeitoa katika kitabu cha shule. Huko Australia, miaka tisini hivi iliyopita, kondoo walikonda na kufa wakiwa katikati ya majani mengi mabichi. Watu walihangaika mpaka wakagundua kwamba udongo ule ulikosa kitu kimoja tu, kidogo sana: cobalt, madini haya yanayochimbwa hapa kwetu. Waliponyweshwa chembe zake, wakapona. Sisi tunaikanyaga, na kule kondoo walikufa kwa kuikosa.

Mpwa wako,
Abigaël


Tenke, tarehe 21 Aprili 2024

Mpwa wangu Abigaël,

Mpongeze Jémima, na umwambie viatu vyeupe havikuumbwa kwa vumbi la Kolwezi. Hapa mbuzi wetu amezaa mapacha. Gloire amewapa majina ya wachungaji wawili waliogombana kanisani kwake, na kweli hawanyonyi kwa zamu. Habari za kondoo zilinifurahisha mno, nikamsimulia kila aliyepita. Walinijibu, nadhani.

Juu ya lile uliloniuliza, jibu langu ni hapana. Msiguse jikoni, wala nyuma ya jiko. Mimi kama kaka wa Agnès nimesema, na Papy aheshimu. Aje Tenke.

Zawadi: jina hilo la cobalt limetoka kwa mashetani. Zamani wachimbaji wa Ujerumani walipata mawe mazuri, wakadhani yana madini ya thamani. Walipoyachoma hawakupata chochote ila moshi wenye sumu uliowaua. Wakasema mapepo ya mgodini yameiba madini mema na kuacha mabaya, na mawe yale wakayaita kwa jina la mapepo hayo, kobold. Baadaye, karibu miaka mia tatu iliyopita, Mswidi mmoja akaonyesha kwamba ndani yake mna metali ambayo hakuna aliyekuwa ameijua. Jina la pepo likabaki.

Mjomba wako,
Godefroid


Kasulo, tarehe 19 Mei 2024

Mjomba,

Tunakusalimu. Sote tuko wazima. Mitihani imekaribia na sina nafasi ya kuandika mengi.

Jibu lako nilimsomea Papy. Aliniomba nirudie, akidhani nimeruka mstari. Kisha akaniambia, mimi dada yake: "Yaya, mujomba anakatala, lakini haseme juu ya nini. Mi siwezi kulala na njala juu ya bitu bya mama yangu." Mjomba, wewe umetufundisha sababu za mambo ya Ujerumani na ya Australia. Kwa nyumba yetu umetupa neno moja. Kwa nini hapana? Nakuomba uniambie. Kama ni hofu ya shimo, sema. Kama kuna jambo jingine, sema pia.

Watoto sasa wanalala chumba cha mbele pamoja nami, kwa sababu ya joto. Usiwe na wasiwasi.

Zawadi yako: yule msafiri wa Uskoti aliyekuwa mmisionari na daktari, aliyefika Lualaba yetu miaka zaidi ya mia na hamsini iliyopita, alitumaini kwamba mto huu ndio mwanzo wa Nile. Aliutafutia njia ya kaskazini mpaka akafa, akiwa hajajua kwamba maji haya yanageuka na kwenda Atlantiki.

Abigaël


Tenke, tarehe 2 Juni 2024

Mpwa wangu Abigaël,

Gloire anakusalimu. Mengine ya nyumbani nitayaacha leo.

Mwezi wa tano hakuna joto Kolwezi. Ni miezi ya watu kulala na makoti. Kwa hiyo najua kwa nini watoto wamehamishwa chumba, na najua kwamba sakafu ya jikoni imevunjwa au inakaribia. Sikukasirikii. Nilikataa bila kutoa sababu, na tena habari za ua ziliwafikia kutoka kwangu, nami niliwapa nusu yake tu.

Nusu nyingine ni hii. Ua lile halijui kama shaba iliwekwa na Mungu au na watu. Huota hata pale ambapo watu wa kale waliyeyusha shaba katika tanuru za udongo wa kichuguu, wakamwaga mabaki yake ardhini. Karibu na Lubumbashi wataalamu waliyafuata maua hayo wakakuta kazi za wazee hao, miaka mingi baada ya moto wao kuzimika.

Mwaka ule tulipojenga nyumba yenu nilichukua likizo, nikaja kumsaidia mama yako kuchimba msingi. Alikuwa na mimba yako. Pale lilipo jiko, jembe langu liligonga makaa, kisha mawe meusi mazito, kisha mifupa. Mtu mzima alilala kwa ubavu, na mtoto mdogo mbele yake. Mama yako ndiye aliyesema kwamba ni mama na mwanawe, mimi sikubisha. Walikuwa na misalaba midogo ya shaba vifuani, yenye umbo la X. Usidhani ni ya Yesu. Wazee wetu waliitengeneza misalaba hiyo karne nyingi kabla ya padri wa kwanza kuiona nchi hii, na huko kwetu, kando ya ziwa Kisale, watu walizikwa nayo na baadaye ikawa pesa. Shaba huua vile vijidudu vinavyoozesha. Ndiyo maana mfupa uliogusana nayo hudumu na kugeuka kijani. Mifupa ya mtoto ilikuwa kijani yote, myembamba kama njiti.

Nilitaka kumwita padri, au mtu wa serikali. Agnès alikaa chini ukingoni mwa shimo, ameshika tumbo lake, akalia kidogo. Kisha akaniambia: "Huyu mama alitutangulia hapa na mutoto wake. Tujenge tu. Mvula itabanyeshea tena juu ya nini?" Tukawafunika. Tukasogeza ukuta wa jiko ili wote wawili wawe chini ya bati, wasinyeshewe tena. Maua yanaota nje, pale makaa yalipoishia. Aliniapisha nisiwaambie ninyi, msije mkaogopa kulala, na nisimwambie mtu mwingine yeyote, kwa sababu aliwajua watu wa Kasulo.

Ningeweza kumwomba kijana wa jirani akupigie simu leo hii. Lakini jambo hili nikilitia katika kinywa cha mtu mwingine, watu watafika na sepetu kabla simu haijakatwa. Nangoja Mama Mamie, anapita kesho.

Nimevunja kiapo cha dada yangu kwa mkono wangu mwenyewe, na nina huzuni. Mzuie Papy. Mwambie hapana ile haikuwa ya mjomba wake. Ilikuwa ya mama yake.

Godefroid


Kasulo, tarehe 14 Julai 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako ya Juni nimeipata wiki iliyopita. Mama Mamie alishikwa na malaria akiwa njiani, akalazwa, na barua ikakaa kikapuni chini ya samaki. Alipoweza kusimama aliileta mwenyewe, bado anatetemeka. Usimlaumu.

Mimi ndiye wa kulaumiwa, kwa maana nilikudanganya. Nilipokuandikia juu ya joto, shimo lilikuwa tayari linafika kifuani mwa Papy. Alichimba na rafiki yake, Dodo. Niliwaona wakianza na nikanyamaza. Nilitaka bati mpya, mjomba. Nilikwenda shuleni kufundisha, nikirudi naona turubai jikoni kwa mama yangu, napika nje.

Yalitoka makaa kwanza, kisha mawe meusi mazito kama ulivyosema. Papy alifurahi, kwa sababu cobalt ni nyeusi na nzito, akayatia gunia. Yakatoka mifupa mikubwa. Dodo akasema ni ya swala, akaitupa kwenye rundo la udongo karibu na choo. Misalaba aliijua thamani yake upesi kuliko Papy. Aliichukua, akaondoka, na hatujamwona tena. Chini ya hapo ukatoka udongo wa kijani, na ndani yake vipande vya kijani, vyembamba. Papy akaniita nije nione. Alisema ni malakiti, jiwe la shaba, na kwamba mama alikuwa anatutunzia. Nilivishika mkononi. Nilisema ni vizuri.

Papy alijaza gunia moja la udongo ule. Alilibeba mwenyewe mpaka depo, kwa wanunuzi wa madini, asimwachie mtu.

Barua yako nilimsomea jikoni, amekaa ukingoni mwa shimo. Nilipofika kwenye mifupa ya mtoto aliniambia ninyamaze. Akavaa viatu akaenda depo. Walimcheka. Magunia humwagwa pamoja, yakachanganywa ya watu wote, na lori lilikuwa limekwisha kuondoka siku nyingi kwa njia ya Likasi. Aliporudi alishuka shimoni akakaa humo mpaka nikamshushia ngazi.

Mama yule nimemwokota mimi. Nilipekua ule udongo wa karibu na choo kwa mikono, nikaosha kila mfupa katika besheni ya mama, nikamfunga kwa kitenge chake, kile cha rangi ya bluu ulichomletea kutoka Lubumbashi. Msalaba mmoja ulikuwa umeng'ang'ania mfupa wa mkono, Dodo hakuuona. Tumemrudisha nao. Nilimwita katekista amwombee, akaniuliza marehemu ni wa dini gani. Nikamwambia ni mkubwa kuliko swali lake. Alifikiri kidogo, akasali.

Papy amejaza shimo na kusakafia. Ukuta una ufa lakini nyumba imesimama, na hakuna atakayechimba humo nikiwa hai. Lakini mama yule amelala peke yake sasa, mjomba. Kila nikiwasha moto wa kupikia nafikiri hivyo. Miaka yote ile walikuwa wawili chini ya bati la mama, na sisi tumemtoa mmoja.

Papy hali, na hasemi na mtu. Namtuma kwako. Atapanda treni ikipatikana, la sivyo atakuja na Mama Mamie.

Zawadi sina. Nisamehe, usiirudishe barua hii.

Abigaël


Tenke, tarehe 25 Agosti 2024

Mpwa wangu Abigaël,

Nakusalimu sana, wewe na watoto. Gloire ana nafuu, ni kiangazi na redio yake imenyamaza. Wachungaji wawili wamekua na pembe zimeanza kutokeza.

Barua yako sikuirudisha. Niliisoma, nikampa Gloire naye akasoma. Usijilaumu kupita kiasi. Ningesema mapema, mngejua. Mama Mamie angepona mapema, mngejua. Mama yako angekuwepo, angekufokea siku moja nzima, kisha angekupa mkate. Ulimwokota yule mama kwa mikono yako na kumfunga kitenge cha Agnès, na kwa hilo nakushukuru kama kaka yake.

Papy alifika na begi dogo. Wiki za kwanza hakusema, nami sisikii, kwa hiyo tuliishi bila shida. Siku moja nikinyoa ndevu uani, alikuja akanishika uso kwa mikono miwili ili nimtazame mdomo. Akasema polepole, akiniita baba, akarudia mpaka nikamwelewa: "Tata, ni mi nilimubeba. Nilimubeba mu mufuko, mi mwenyewe." Nilimshika kichwa nikamweka begani, akalia, na sabuni yote ya ndevu ikamwishia shingoni.

Tangu hapo anakula kidogo. Anafanya kazi stesheni asubuhi. Mchana alikuwa akitoweka, na Gloire akaogopa kwamba amerudi mashimoni. Nilimfuata. Nilimkuta amesimama kando ya barabara kuu, mahali yanapopita malori yanayotoka Kolwezi na magunia, akiyatazama moja baada ya jingine.

Akaniandikia vumbini kwa kijiti: mawe yanakwenda wapi? Nikamwambia ninavyojua. Mawe husagwa, huloweshwa katika asidi, hupita mipaka na bahari, na mwisho wake huingia katika betri za simu na za magari, kwa watu ambao hawatajua. Aliniuliza kama na mtoto pia. Nilimwambia sijui. Hilo ni jambo ambalo sikulisoma popote.

Sasa tunakwenda pamoja, yeye na mimi, kila kazi ikiisha. Lori lililombeba mtoto lilikuwa lipi hatujui, tena lilipita hapa zamani. Lakini lori linapokuja Papy anavua kofia, nami navua yangu, tunangoja mpaka vumbi litulie. Madereva wanadhani tunawasalimu. Papy ananiambia kwamba wanatupigia honi.

Mjomba wako,
Godefroid Kalenga